Ule Wekundu wa Kwenye Flaski

Muulize mwanachuo yeyote aliyepita maabara ya kemia ya mwaka wa kwanza anakumbuka nini kuhusu titresheni ya kloridi. Atakwambia: inaanza njano, inajaa weupe kama maziwa, ukiona imegeuka nyekundu unafunga bureti. Basi. Ujazo unaingia kwenye fomula, ripoti inaandikwa, maksi zinapatikana, na kilichobaki kwenye flaski kinamwagwa sinki. Mimi niko mwaka wa tatu, na mara nyingi nakaa maabara na wadogo zetu wanapofanya zoezi hilo. Maswali ninayoulizwa ni mawili: "Kaka, hii rangi inatosha?" na "Tunamwaga wapi?" La kwanza nalijibu kila wiki. La pili ndilo limenifanya niandike, ila huwezi kulijibu vizuri kama hujui huo wekundu ni kitu gani.

Wekundu huo una jina: kromati ya fedha, Ag₂CrO₄. Na tuelewane mapema, fedha ninayoizungumzia hapa ni ile metali nyeupe ya pete na bangili, sio bumu. Kromati ya fedha imetoka kwenye ukoo mkubwa wa kampaundi ambazo ndani yake fedha haiishi peke yake, inakaa nyumba moja na metali nyingine: kromi, vanadi, zebaki, rubidi. Kwenye desa ukoo huu unapewa mstari mmoja, "brick-red, end point", halafu tunahamia mada nyingine. Kumbe ndio uliowawezesha watu kuiona seli ya neva nzima nzima chini ya hadubini, na ndio uliokaa ndani ya vifua vya wagonjwa ukisubiri siku moyo utakapopoteza mapigo. Sisi tunautengeneza kila muhula kwa mikono yetu, tunauangalia sekunde thelathini, tunaumwaga.

Tuanze na fedha yenyewe. Atomu ya fedha ikipoteza elektroni moja inakuwa ayoni, Ag⁺. Ayoni hii ina tabia mbili zinazoeleza karibu kila kitu nitakachosema huko mbele. Ya kwanza, inaitamani sana elektroni yake irudi. Potensheli yake ni +0.80 V, na ushahidi unao mwenyewe: nitreti ya fedha ikikudondokea kidoleni, baada ya saa chache unabaki na doa jeusi ambalo sabuni haiwezi kulitoa. Hilo doa ni fedha iliyorudi kuwa metali juu ya ngozi yako. Tabia ya pili, Ag⁺ haitulii. Ndani ya fuwele nyingi inaweza kuruka kutoka nafasi moja kwenda nyingine wakati ayoni za jirani zimekaa palepale, kama abiria wa daladala anayehama kiti kila kituo.

Peke yake, tabia hizo hazikupeleki mbali. Anayeamua kazi itakuwa ipi ni yule metali mwenzake.

Sasa turudi kwenye flaski. Njia hii tunayoitumia ilitolewa na Mjerumani, Karl Friedrich Mohr, katikati ya miaka ya 1850. Una maji yenye kloridi, unaweka kromati ya potasiamu kidogo inayoyapa unjano, halafu unadondosha nitreti ya fedha. Ndani ya flaski Ag⁺ inakuta wachumba wawili, kloridi na kromati, na swali ni nani ataanza kuichukua.

Hapa pana mtego unaowapeleka watu sapu. Ksp ya AgCl ni 1.8 × 10⁻¹⁰. Ya Ag₂CrO₄ ni 1.1 × 10⁻¹². Ukiziangalia harakaharaka utasema ya kromati ni ndogo zaidi, kwa hiyo kromati itatangulia kufanya mashapo, na wekundu utatokea mwanzoni kabisa. Lakini maabara umeona kwa macho yako kwamba sivyo. Weupe ndio unaotangulia. Sababu ni kwamba Ksp mbili hizi huwezi kuzilinganisha moja kwa moja, kwa kuwa kampaundi ya kwanza inahitaji Ag⁺ moja na ya pili inahitaji mbili. Ukipiga hesabu ya kiasi kinachoyeyuka, AgCl inayeyuka kama 1.3 × 10⁻⁵ moli kwa lita, na Ag₂CrO₄ kama 6.5 × 10⁻⁵. Yaani kromati ya fedha, yenye Ksp ndogo, inayeyuka karibu mara tano zaidi. Kwa hiyo inasubiri zamu yake.

Na inasubiri mpaka lini? Hapo ndipo ninapompa Mohr heshima zake. Ukiwa na kromati ya 0.005 moli kwa lita, wekundu utaanza pale Ag⁺ itakapofika karibu 1.5 × 10⁻⁵. Na pale kloridi yote inapokuwa imeshakamatwa, Ag⁺ iliyobaki kwenye maji ni karibu 1.3 × 10⁻⁵. Namba mbili zinazokaribia kugusana. Ukiweka kromati nyingi kupita kiasi wekundu unawahi, ukiweka kidogo unachelewa. Kwa hiyo lile sharti la "weka mililita moja tu" lililoandikwa kwenye manyuali limetoka kwenye hesabu hii. Sharti la pH nalo, kati ya 7 na 10 hivi, lina sababu yake: maji yakiwa na asidi kromati inageuka kuwa dikromati na mashapo mekundu hayaji kwa wakati, yakiwa na alkali nyingi unapata oksidi ya fedha ya kahawia inayokuharibia kila kitu.

Wanaosema zoezi hili halina maana mtaani wanywe kwanza maji ya baadhi ya visima vya Dar es Salaam. Mji uko pwani, watu wanachimba visima na kuvuta maji kwa wingi, na maji ya bahari yanajipenyeza chini ya ardhi kuchukua nafasi. Shirika la Afya Duniani linasema kloridi ikizidi kama miligramu 250 kwa lita, ulimi unaanza kuisikia. Tuchukue mfano: mililita 50 za maji ya kisima, nitreti ya fedha ya 0.02 moli kwa lita, na wekundu unatokea kwenye mililita 20. Hiyo ni milimoli 0.4 za kloridi, sawa na miligramu 14.2 ndani ya mililita 50, yaani kama miligramu 284 kwa lita. Chai itakuwa na ladha ya ajabu, na nondo za jengo la hosteli zitaliwa taratibu kama zege lilichanganywa na maji hayo. Bureti moja na wekundu kidogo vinakupa jibu hilo.

Kwa nini nyekundu lakini? Swali hili sijawahi kuliona kwenye pepa, na mimi ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Ag⁺ haina rangi. Kromati peke yake ni njano. Ukizijumlisha ungetegemea njano. Unjano wa kromati unatoka kwenye elektroni za oksijeni zinazorukia kwenye kromi pale mwanga unapozipiga. Kuruka huko kunahitaji nguvu ya mwanga wa zambarau na buluu, kwa hiyo rangi hizo zinamezwa na jicho linabaki na njano. Ndani ya fuwele ya Ag₂CrO₄ mambo yanabadilika. Elektroni za fedha zinachanganyika na zile za oksijeni na kukaa ngazi ya juu kidogo, karibu zaidi na nafasi tupu za kromi. Umbali wa kuruka umepungua. Sasa hata mwanga wa kijani unatosha, nao unamezwa, na kinachobaki kurudi kwenye jicho lako ni nyekundu. Kwa maneno mengine, unaziona metali mbili zikiongea. Zitenganishe na rangi inatoweka: dondosha chumvi ya kawaida kwenye mashapo mekundu, tikisa, utaona yanarudi kuwa meupe na maji yanarudi kuwa njano. Jaribu, ni kijiko kimoja tu cha chumvi.

Miaka kama 18 baada ya Mohr, wekundu huohuo ulijitokeza sehemu ambayo hakuna aliyeitegemea. Mwaka 1873 daktari wa Kiitaliano, Camillo Golgi, alikuwa akifanya kazi kwenye hospitali ya wagonjwa wasiopona pale Abbiategrasso, karibu na Milano. Maabara hakuwa nayo. Aligeuza jiko kuwa maabara. (Wanaolalamika kwamba hatuna vifaa, mnasikia.) Alikuwa anachukua vipande vya ubongo, anavikaza kwa dikromati ya potasiamu, kisha anavitumbukiza kwenye nitreti ya fedha. Unaijua tayari kemia yake: ayoni za fedha zinakutana na kromati ndani ya kipande, na Ag₂CrO₄ inafanya fuwele ndogondogo. Tofauti ni kwamba hapa fuwele hazikutapakaa ovyo. Zilijaza seli chache za neva, moja hapa, moja kule, kuanzia kiini mpaka ncha ya matawi yake, na kuziacha seli za jirani bila chochote. Chini ya hadubini seli hizo zilionekana nyeusi tii juu ya usuli wa njano, kama mti mkavu wakati wa machweo.

Uchache huo ndio uliokuwa bahati. Ubongo umesongamana kiasi kwamba seli zote zikichukua rangi unaona wingu jeusi tu. Kwa nini fuwele zinachagua seli hii na kuiacha ile, wataalamu wanabishana mpaka leo. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliiona njia hiyo mwaka 1887, akaiboresha kwa kurudia kulowanisha mara ya pili, na kutokana na michoro yake akadai kwamba kila seli ya neva inajitegemea, zinagusana bila kuungana. Golgi, mwenye njia yake, alishikilia kwamba zote ni wavu mmoja uliounganika. Mwaka 1906 walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, na Golgi akatumia hotuba yake kupinga hoja ya mwenzake. Cajal ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini wote wawili walikuwa wanatazama kampaundi ileile unayoimwaga Jumanne saa nane mchana.

Kutoka ubongo twende kwenye moyo, ambako ile tabia ya kwanza ya fedha, hamu ya elektroni, inalipa zaidi.

Betri ni mahali ambapo kitu kimoja kinatoa elektroni na kingine kinazipokea. Lithiamu inazitoa kwa urahisi kuliko karibu kila metali. Upande wa pili unahitaji mpokeaji mwenye njaa. Kromati ya fedha ilijaribiwa na ikafaulu: katika miaka ya 1970 kulikuwa na betri za lithiamu na kromati ya fedha, zenye volti zaidi ya 3, zilizotumika kwenye vifaa vya kusaidia mapigo ya moyo. Kifaa cha namna hiyo, ambacho Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili hupandikiza kwa wagonjwa wetu, kinakula umeme kidogo sana, maikroampia tu. Kinahitaji betri mvumilivu, na betri ya lithiamu na ayodini iliyoanza kupandikizwa mwaka 1972 ndiyo iliyokuja kutawala kazi hiyo.

Ila kuna ugonjwa mwingine ambao uvumilivu peke yake hauuponyi. Moyo unaweza ghafla kuanza kutetemeka ovyo badala ya kudunda. Damu haisukumwi, na mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Dawa yake ni shoti moja kubwa ya umeme. Tarehe 4 Februari 1980, kwenye hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani, mgonjwa wa kwanza alipandikizwa kifaa kinachoukagua moyo muda wote na kuupiga shoti chenyewe kikiona hali hiyo; nyuma ya kazi hiyo alikuwa daktari Michel Mirowski. Sasa fikiria betri inayotakiwa. Miezi na miezi haifanyi chochote zaidi ya kuangalia. Halafu siku moja, bila taarifa, inatakiwa ijaze kapasita kwa volti zaidi ya 700 ndani ya sekunde kama kumi, ili itoke shoti ya joule 30 na zaidi. Hapo inatoa ampia mbili tatu, toka kwenye kitu chenye ukubwa wa kiberiti kilicho chini ya ngozi. Betri ya ayodini haiwezi. Ina ukinzani mkubwa. Ni sawa na kumwomba mtu anywe ndoo ya maji kwa mrija wa soda.

Jibu likatoka kwa jirani wa kromi kwenye jedwali la elementi. Kromi ni namba 24, vanadi ni namba 23. Chukua nitreti ya fedha, isage pamoja na oksidi ya vanadi, V₂O₅, chemsha mpaka nyuzi kama 500, gesi ya kahawia ya oksidi za naitrojeni itatoka, na utabaki na unga mweusi: Ag₂V₄O₁₁, oksidi ya fedha na vanadi. Kwenye kampuni ya Wilson Greatbatch, jimbo la New York, mkemia Esther Takeuchi aliongoza kazi ya kuifanya betri ya unga huu ifae kwa moyo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaanza kuingia vifuani. Mwaka 2009 alipewa nishani ya taifa ya teknolojia na uvumbuzi na Rais Obama.

Hesabu yake ni ya kiwango chetu, kaa na kikokotoo. Kila moli ya Ag₂V₄O₁₁ inapokea elektroni saba: mbili zinachukuliwa na ayoni mbili za fedha, tano zinachukuliwa na vanadi. Uzito wa moli moja ni gramu 595.5. Zidisha 7 kwa 96,485, gawanya kwa 3,600, gawanya tena kwa 595.5. Unapata 0.315, yaani miliampia-saa 315 kwa kila gramu. Oksidi ya kobalti iliyozoeleka kwenye betri za simu inatoa chini ya nusu ya hapo, ingawa ile unaichaji na hii huichaji. Ikiisha inatolewa.

Lakini uzuri wa unga huu haupo kwenye namba hiyo. Angalia nani anaanza kupokea. Fedha ndiyo yenye njaa zaidi, kwa hiyo elektroni za mwanzo zinaenda kwake, na Ag⁺ inageuka kuwa fedha ya metali papo hapo, vipande vidogo sana vilivyotawanyika kila mahali ndani ya unga. Na fedha ya metali ndiyo kipitishaji bora cha umeme kuliko metali zote. Yaani betri inapoanza kutumika inajitandikia nyaya zake yenyewe ndani. Ukinzani unashuka, na shoti ikihitajika njia ipo. Halafu vanadi inaingia zamu, inashuka kutoka +5 kwenda +4 na chini zaidi, na ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa chaji. Ukitumia oksidi ya vanadi peke yake unakosa nyaya. Ukitumia fedha peke yake unakosa ghala.

Kuna faida nyingine ambayo kwangu ndiyo ya maana kuliko zote. Volti ya betri hii haishuki kwa mteremko mmoja. Inaanzia kama 3.2, inashuka, inatulia kwenye kama 2.6, kisha inashuka tena. Ngazi hizo zinampa daktari saa ya kusoma: akimpima mgonjwa kutoka nje, bila kumpasua, anajua betri imefika hatua gani na apange lini kuibadilisha. Betri inayobaki na volti ileile mpaka siku inayozimika ingekuwa nzuri kwa tochi. Kwa mtu ambaye betri yake iko chini ya mtulinga, hiyo ni hatari. Siku hizi vifaa vingi vinachanganya unga huu na vingine, na vipo vinavyotumia oksidi ya manganizi, ila msingi uliwekwa hapo.

Ile tabia ya pili, kutotulia, nitaipitia haraka. Ayodidi ya fedha na zebaki, Ag₂HgI₄, ni njano. Ipashe moto mpaka kama nyuzi 50 na inageuka rangi ya chungwa mbele ya macho yako; ipoe, inarudi njano. Kinachotokea ni kwamba kwenye joto hilo ayoni za fedha na za zebaki zinaacha nafasi zao za kudumu na kuanza kuzurura kwenye fuwele. Rangi za kuashiria joto kwenye mashine zimewahi kutengenezwa kwa kampaundi za aina hii. Ukiweka rubidi badala ya zebaki unapata RbAg₄I₅, iliyotangazwa mwaka 1967: ni yabisi kabisa, unaishika, lakini ayoni za fedha zinapita ndani yake kwenye joto la kawaida la chumba karibu kama zinavyopita kwenye mmumunyo. Wanaohangaika leo na betri zisizo na kimiminika wanaifahamu vizuri kampaundi hiyo, japo bei ya rubidi na fedha haimruhusu mtu kuiweka kwenye pikipiki.

Na kama una jino lililozibwa kwa kitu cha kijivu, unatembea na ukoo huu mdomoni. Unga wa fedha, bati na shaba unachanganywa na zebaki, unakuwa laini kama ugali kwa dakika chache, kisha unakaza kwa sababu zebaki imefungwa ndani ya kampaundi mpya, hasa Ag₂Hg₃. Ni ziba imara na ya bei nafuu. Zebaki ndiyo tatizo. Ndio maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulitaka matumizi yake yapungue, na marekebisho ya mwaka 2022 yanaelekeza isitumike kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari wa meno akiona ni lazima.

Sasa lile swali la pili. Tunamwaga wapi?

Tupige hesabu ya darasa la watu 120. Kila mmoja anafanya titresheni nne, ya majaribio moja na za kweli tatu, kila moja mililita 20 za nitreti ya fedha ya 0.02 moli kwa lita. Hizo ni milimoli 192 za fedha, karibu gramu 21 za metali, ambazo ziliingia chuoni kama gramu 33 hivi za nitreti ya fedha. Ni uzito wa pete kadhaa, kwa zoezi moja, alasiri moja. Halafu muhula ukifika katikati tunaambiwa nitreti ya fedha imeisha na zoezi tutafanya kwa makundi ya watu kumi kumi, mmoja anashika bureti, tisa wanatazama. Mimi sikubali kwamba huo ni umaskini wa idara peke yake. Sehemu ya nitreti hiyo tumeimwaga wenyewe.

Na fedha ndiyo hasara ndogo. Ule unjano unaoondoka na maji ni kromi yenye hali ya +6, ambayo IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka kundi la 1, kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi mzito zaidi ni wa wafanyakazi wa viwandani wanaoivuta kwa pua, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbia maabara. Lakini kitu cha kundi hilo hakimwagwi kwenye bomba ambalo hujui linaishia wapi.

Nilichopendekeza kwa wawakilishi wa darasa, na naomba serikali ya wanafunzi ikipeleke idarani, ni kitu cha gharama ndogo. Kila meza iwe na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, imeandikwa "MABAKI YA FEDHA NA KROMATI". Hakuna kinachowekwa humo zaidi ya mabaki ya zoezi hili. Mabaki ya jaribio la Tollens hasa yasikaribie ndoo, kwa sababu fedha iliyokaa na amonia inaweza kutengeneza kitu kinacholipuka. Mwisho wa wiki fundi sanifu wa maabara, akisaidiwa na wanafunzi wawili watatu wenye glavu na miwani, anaongeza chumvi mpaka wekundu wote uwe mweupe, anaacha usiku mmoja mashapo yatulie, na kumimina maji ya njano kwenye chombo kingine.

Maji hayo yanatiwa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa na salfeti ya feri, ile ya kijani, mpaka unjano upotee. Kromi imeshuka kutoka +6 kwenda +3, ambayo madhara yake ni madogo sana ukilinganisha. Chokaa kidogo inaipandisha pH mpaka 8 au 9, kromi inazama kama tope pamoja na chuma, linachujwa, na tope la muhula mzima linaenea kwenye kopo. Mashapo meupe, yaani AgCl, yanaoshwa kisha yanawekewa vipande vya zinki na asidi kidogo. Baada ya saa chache unapata sifongo ya kijivu, nayo ni fedha. Ioshe, iyeyushe kwa asidi ya naitriki ndani ya kabati la kutolea moshi, na umerudi kwenye nitreti ya fedha. Kabla haijarudi kwenye bureti itabidi ipimwe nguvu yake kwa chumvi safi iliyokaushwa, kazi ambayo mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili anaiweza. Zinki ipo stoo, nimeiona. Ndoo tumeshapata mbili, bado nne.